Hivi kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe?

Wakuu, mtu akinigusa mbavuni tu nacheka mpaka machozi, ila nikijitekenya mwenyewe wapi, hakuna kitu. Ngozi si ni ileile?

Jibu: Ngozi ileile mkuu, mambo yote kichwani. Ubongo ukiamuru mkono usogee, serebelamu, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni, inakuwa imeshabashiri mguso unaokuja so ukifika unapunguzwa makali, haukushtui. Mwingine akikugusa hakuna cha kubashiri.

Jibu: Afu sio kila sehemu inasikia sawa. Penfield, daktari mpasuaji wa ubongo, miaka ya 1930 aligusa kwa umeme kidogo ubongo wa wagonjwa walio macho kabisa (me nisingekubali), akakuta vidole na midomo vimejichukulia eneo kubwa la ubongo kuliko mgongo mzima.

Muuliza swali: Kumbe! Ndo maana mgongo ukiniwasha hata sijui nikune wapi 😂