Chambo cha ndizi: wanakuja sisimizi tu

Habari wadau. Ndizi mbivu imetundikwa ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, tangu alfajiri, hakuna kipepeo. Kosa ni nini?

Jibu: Kuiva hakutoshi, lazima ichache. Ponda ndizi 4 na kijiko cha sukari, acha siku 2 au 3. Funika kwa kitambaa. Kifuniko kilichokazwa hurushwa na gesi. Paka grisi kwenye kamba, sisimizi watakwama.

Jibu: Hapo utawapata akina Charaxes, vipepeo wanaopenda matunda yaliyochacha. Papilio demodocus, yule mweusi wa madoa ya manjano, hana habari na ndizi: mtafute kwenye maua, tope bichi, na milimau anakotaga.

Jibu: Na alfajiri ni ya ndege, jamani! Vipepeo husubiri jua, kuanzia saa 3 hivi.