Naomba ushauri: mkataba wa wakala kwa binti anayeanza uanamitindo

Wakuu, naomba ushauri kuhusu binti wa miaka 17 anayeanza uanamitindo. Picha za kutuma kwa mawakala ziko tayari: uso, upande, mgongo na mwili mzima, mwanga wa dirishani, ukuta mtupu, nywele zimefungwa nyuma, bila vipodozi wala filta. Kimo, kifua, kiuno na nyonga vimepimwa kwa futi ya fundi cherehani. Ukidanganya vipimo, nguo ya jukwaani itakuumbua.

Wakala aliyedai ada ya usajili tumemkataa. Wakala halisi hula kamisheni kazi ikishalipwa, mara nyingi kama asilimia 20. Na mzazi atakuwepo kila picha zinapopigwa, hilo halina mjadala.

Kinachonikwamisha ni mkataba. Ni wa miaka 3, unajiongeza wenyewe binti asipotoa notisi ya siku 90, na kifungu cha picha kinasema "matumizi yote, milele". Hapo ndipo wengi huumia: picha ya kazi ndogo inaishia kwenye bango kubwa, mwanamitindo hapati hata senti, na kampuni shindani haimtaki tena kwa kuwa sura yake tayari inamtangaza mpinzani.

Je, tudai kila kazi itaje picha itatumika kwenye chombo gani (bango, gazeti au mtandao), eneo gani na kwa muda gani, tuseme miezi 12? Na hiki kifungu cha mkataba kujiongeza tukiondoeje bila kumpoteza wakala? Wenye uzoefu, naombeni maneno kamili ya kuandika.