Hivi ninyi DJ wa muvi za kutafsiri, kimya kimewakosea nini?

Wakuu, nimekereka na sitaficha. Wanaotaka uzi wa kistaarabu wapite tu. Na kama hujaiona Hereditary, ile filamu ya kutisha, ondoka hapa kwanza, maana nitataja mambo ya ndani kabisa halafu uje kunilaumu.

Jumamosi shemeji yangu kaja na flashi yangu, kajaziwa muvi kumi kwenye kibanda cha mtaani. Mojawapo ndiyo hiyo, "imetafsiriwa", yaani DJ anaongea Kiswahili chake juu ya sauti ya filamu. Mimi nilishaiona miaka ya nyuma, peke yangu, bila mkalimani, na usiku ule nililala taa inawaka, mtu mzima na ndevu zangu. Kwa hiyo nikawapamba watu pale nyumbani: leo mtaona kitu. Watoto nikawapeleka kwa bibi yao, taa nikazima, feni nikaipunguza isipige kelele. Tulikuwa watu saba sebuleni. Haikupita nusu saa, sita wanacheka, wa saba ni mimi, nimejikunyata kwenye kochi kama mtu aliyekaribisha mgeni wa heshima halafu mgeni kaja kalewa.

Tuelewane. Sina ugomvi na kutafsiri. Nimekua na sauti ya Lufufu, muvi za Kihindi na za mateke nilizielewa kupitia yeye, na mpaka leo kuna mapigano nikiyaona bila maneno yake naona hayajakamilika. Wakenya nao wana DJ Afro wao, burudani tupu. Jambazi anapigwa, DJ anamsindikiza kwa matusi, ukumbi unalipuka. Sawa kabisa. Lakini muvi ya mateke imejaa kelele, ukiongeza yako haidhuriki. Hii nyingine imejengwa kwa kimya. Ukiongea juu yake umeibomoa.

Nianze na lile lililonikata maini. Mama wa familia, Annie, anaigizwa na Toni Collette, kazi yake ni kutengeneza vijumba vidogo vya maonyesho. Mama yake mzazi amefariki. Anaenda kwa siri kwenye kikundi cha watu waliofiwa, wanakaa kwenye duara la viti, na pale anafunguka kwa mara ya kwanza: baba yake alijinyima chakula mpaka akafa, kaka yake alikuwa na ugonjwa wa akili, akajinyonga akiwa na miaka 16, na barua aliyoacha ilimlaumu mama yao. Dakika chache tu, mwanamke anaongea. Hofu yote ya muvi imelala pale. Jina lenyewe maana yake ni kitu cha kurithi. Huyu mama haogopi mzimu. Anaogopa damu yake mwenyewe, anaogopa kilichowamaliza kwao kisije kikawa kimo ndani yake na ndani ya wanawe.

DJ akasema nini? "Hapa mama yupo kwenye kikao cha vikoba, anaomba mkopo wa msiba." Kicheko. Akanyamaza? Wapi. Akaendelea kumtania mzee aliyekaa pembeni kwamba ndiye mweka hazina.

Sasa ukishaambiwa ni vikoba, utaogopa nini kwa muda wote unaofuata?

Halafu yule binti wa Annie, Charlie. Ana tabia ya kupiga ulimi mdomoni, ko! Basi. Anafanya hivyo mara kadhaa mwanzoni, unaona ni mazoea tu ya mtoto. Akishakufa, kaka yake yupo chumbani usiku, giza, na mlio uleule unasikika. Ko. Hakuna muziki wala mlango unaogongwa, ni ulimi tu wa mtu aliyezikwa. Mimi mara ya kwanza nilivuta shuka. Jumamosi hakuna aliyejua kumetokea nini, kwa sababu kila binti alipopiga ulimi DJ alikuwa anaongea juu yake. Mlio ulirudi, wenzangu hawakuutambua, wangeutambuaje wakati hawakuwahi kuusikia?

Na ajali. Kaka yake, Peter, anamkimbiza hospitali, koo limevimba kwa keki yenye kokwa zinazomdhuru, mtoto katoa kichwa nje ya dirisha anatafuta hewa. Gari linakwepa mnyama barabarani. Nguzo. Sitaeleza zaidi. Kinachofuata ndicho kiliwafanya watu duniani waizungumzie hii muvi: kijana hageuki. Anakaa kwenye usukani, macho mbele, muda mrefu mpaka unataka kumpigia kelele. Anaendesha taratibu mpaka nyumbani, anapanda kitandani, anajilaza na nguo zake. Asubuhi tunaonyeshwa uso wake tu, macho wazi, na nje tunamsikia mama anatoka, anafungua mlango wa gari. Halafu kilio.

Hatumwoni mama. Tunamsikia.

Mwaka 2011 nilikuwa nimelala chumba cha pili taarifa ya kaka yangu ilipofika nyumbani usiku. Nilimsikia mama kupitia ukutani kabla mtu yeyote hajaniambia kitu. Sikuinuka. Nililala vilevile, macho wazi, kwa sababu nilijua nikiinuka itakuwa kweli. Sijui yule mwongozaji, Ari Aster, alilijulia wapi hilo, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ila ndivyo ilivyo, wakuu. Ndivyo inavyosikika.

DJ wetu kabandika biti la singeli. Juu ya kile kilio. "Dogo kaua, kaenda kulala, oyaaa!" Shemeji akapiga magoti yake kwa kucheka. Simlaumu sana, kapewa singeli, acheze nini kingine?

Niliwaambia warudishe nyuma tuzime sauti. Wakagoma, wakaniambia mimi ndiye naiharibu.

Kuna sehemu nyingine ya mwishoni, Peter anaamka usiku, chumba giza. Kamera imetulia. Haikuonyeshi kitu. Wewe mwenyewe unaangalia kitanda, unaangalia mlango, mpaka jicho linapanda kona ya juu ya ukuta na unamwona mama yake kang'ang'ania pale kama mjusi, muda wote alikuwepo. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anamwona kwa wakati wake. Mmoja anashtuka, mwenzake anauliza nini, wapi, halafu naye anaona. Sasa sikia fundi wetu, kama anatangaza mpira: "Cheki juu kushoto! Juu kushoto ukutani! Mama spaidamani!" Na hata ukicheki huoni kitu, maana faili limebanwa mpaka giza limekuwa vigae vyeusi vinavyochezacheza.

Muvi yenyewe ni ya dakika 127. Yetu ilikuwa na 94. Hizo 33 zimeenda wapi? Nimefuatilia, zimekatwa zote zile watu wamekaa tu hawasemi kitu. Alipoona hakuna cha kutafsiri akakata.

Najua mtakuja na lile la "hata Wamarekani waliiponda". Ndiyo, waliiponda, nalijua vizuri. Ilipotoka Juni 2018 wakosoaji waliisifu sana, lakini CinemaScore, wale wanaowauliza watazamaji wanapotoka ukumbini siku za kwanza, walirudi na alama D+. Mwaka mmoja kabla yake filamu nyingine, mother!, ilipata F kabisa. Watu walikuwa wameuziwa trela inayomweka yule binti mbele kila mahali, wakajua ni muvi ya mtoto mwenye mashetani, halafu mtoto anaondoka mapema na wao wanabaki na saa nzima na zaidi ya familia inayooza kwa majonzi mezani. Wakanuna. Haki yao. Hiyo trela nayo ilikuwa na mambo yake: Aprili 2018 ukumbi mmoja mjini Perth, Australia, ulikosea ukaiweka kabla ya filamu ya Peter Rabbit, wazazi wakakurupuka na watoto wao kutoka nje.

Lakini wale wa D+ walinunia filamu waliyoiona. Hicho ndicho ninachodai mimi. Ichukie, sema ni ndefu, sema mwisho wake wa yule pepo, mfalme Paimon, na wale wazee walio uchi umeharibu (mimi mwenyewe pale mwisho naona aliongeza chumvi, ningeishia kwenye dari ya nyumba). Tukane ukitaka. Ila usije kuniandikia "haitishi" wakati umeona vichekesho vya mtu fulani vilivyochezeshwa juu ya mwili wa filamu.

Na ninyi mnaofupisha muvi kwa dakika kumi mtandaoni, "jamaa huyu alikosea kumpeleka dada yake pati, tazama kilichotokea", msidhani nimewasahau. Ninyi mna uzi wenu unakuja.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Anayesema nanunua za wizi halafu nalalamika ubora, mkuu, umenipata, sina jibu. Anayesema DJ anatafuta ugali, sikatai, mbona za mateke zimejaa? Anayeuliza kama kilio cha yule mama kinazidi kile cha mezani anapomfokea mwanawe, hapana, pale mezani Collette ni balaa jingine, na hata kuteuliwa Oscar hawakumteua. DJ pale mezani alitafsiri ugomvi kuwa wanagombania nyama.

NYONGEZA 2: Mnaoniomba nakala isiyo na DJ, nyie wa nne sasa. Leo nimepita kibandani kudai changu. Kijana kaniangalia kwa huruma, kaniambia, "Broo, ile bila DJ ninayo, ila watu huwa wanairudisha, wanasema sauti haitoki." Nimemwachia flashi anijazie hiyohiyo. Kaniambia nirudi kesho.