Je, tuzichuje filamu za kutisha kwa kipimo cha misimamo yetu ya kisiasa? Naomba ushauri

Mkesha

Ndugu zangu, naomba ushauri juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, lakini limeanza kuwatenganisha watu ninaowapenda. Sisi ni kundi la marafiki tunaokutana mara kwa mara kutazama filamu za kutisha na kuzijadili. Karibu sote tuna misimamo ya kimaendeleo: tunatetea haki za wanawake, za wafanyakazi na za wahamiaji, na tunapinga ubaguzi wa rangi bila kumung'unya maneno. Hivi karibuni mwenzetu mmoja alipendekeza kwamba kila filamu ipimwe kwanza kama inakubaliana na misimamo hiyo, kwa maana haoni vipi mtu atetee haki za wanawake mchana, halafu usiku astarehe kwa kuwatazama wasichana wakikimbizwa na muuaji mwenye kisu. Mwingine akamjibu kwamba siasa ndizo zilizoziharibu filamu za kutisha za siku hizi, na kwamba pendekezo hilo likipita hatakuja tena.

Mimi ndiye mchaguzi wa filamu, kwa hiyo wote wawili wananisubiri. Sitaki kuwaridhisha kwa kutosema lolote. Je, kipimo hicho kinafaa? Na kama hakifai, nimweleze vipi yule wa kwanza bila kumfanya aone kwamba ninayapuuza anayoyasema?

Mzee wa Pazia

Nianze na yule wa pili, kwa sababu hoja yake ni nyepesi zaidi. Siasa hazikuingia katika filamu hizi juzi. Mnamo Machi 1954, wavuvi wa Kijapani waliokuwa ndani ya meli ya Daigo Fukuryu Maru walinyeshewa majivu yenye mionzi kutoka kwenye jaribio la bomu la nyuklia la Marekani huko Bikini, kisiwani katika Bahari ya Pasifiki, na kabla mwaka huohuo haujaisha, Japani ilikuwa imekwisha kutoa filamu ya Gojira (Godzilla), dubwana linaloamshwa na majaribio ya aina hiyo na kuuteketeza mji wa Tokyo. Katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968, mhusika mkuu ni mwanamume mweusi ambaye anawashinda wafu waliofufuka usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na kikosi cha raia weupe waliokuja kuwasaka wafu hao. (Niwie radhi kama hukuwa umeiona, ingawa muda wa kuiona umekuwapo.) Mwongozaji wake, George Romero, alisema kwamba alimpa Duane Jones nafasi hiyo kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri zaidi kwenye usaili. Siasa ziliingia zenyewe, zikitoka katika nchi ambamo filamu ilipigwa na watu waliokwenda kuitazama.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta jambo linalomhusu yule wa kwanza. Zombi wa sinema ya Marekani alichukuliwa Haiti, nchi iliyokuwa chini ya jeshi la Marekani kuanzia 1915 hadi 1934. Kule alikuwa msukule, maiti anayefanyishwa kazi bila kikomo, na hofu hiyo ilikuwa na maana nzito kwa watu ambao babu zao walikuwa watumwa wa mashamba ya miwa. Katika White Zombie ya 1932 tunaonyeshwa kiwanda cha sukari kinachoendeshwa na misukule. Mmoja anaangukia ndani ya mashine na wenzake wanaendelea kusukuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni picha ya kutisha kuliko nyingine yoyote katika filamu hiyo, lakini filamu yenyewe inaipita haraka, kwa kuwa inachotaka tukihofie ni hatima ya bibi harusi mmoja wa kizungu. Mimi huuliza hivi: tunatakiwa tumwogope nani, na tuogope kwa ajili ya nani? Swali hilo linaeleza siasa za filamu kuliko hotuba zote za wahusika wake.

Chumvi Kidogo

Huyo mpimaji atachoka mapema. Invasion of the Body Snatchers ya 1956, ambamo watu wa mji mdogo wanachukuliwa nafasi zao na viumbe wanaofanana nao wasio na hisia, imesomwa na wengine kuwa onyo dhidi ya ukomunisti na wengine kuwa onyo dhidi ya wale waliokuwa wakiwasaka wakomunisti. Ningependa kujua mtaiandikia "imepita" au "imeanguka".

Bi Utaji

Dada au kaka Mkesha, naomba usiharakishe kumwona mwenzako wa kwanza kuwa mkali kupita kiasi. Malalamiko yake juu ya wanawake yana msingi. Katika filamu za wauaji wa visu za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980, mara nyingi mvulana huuawa haraka, hata nje ya picha, ilhali kifo cha msichana huvutwa na kutazamwa kwa karibu, na hakuna haja ya kujifanya kwamba hatukuona.

Hata hivyo, mtaalamu aliyelichunguza suala hili kwa makini, Carol Clover, aliona kitu ambacho wakosoaji wengi kilikuwa kimewapita. Katika makala yake ya 1987, na baadaye katika kitabu cha 1992, alieleza kwamba watazamaji ambao wengi wao ni vijana wa kiume wanafikishwa mahali pa kuogopa, kujificha na hatimaye kupigana wakiwa upande wa yule msichana wa mwisho anayebaki hai. Kwangu mimi hilo haliisafishi aina hii ya filamu, kwa sababu msichana huyo kwa kawaida ndiye mwenye adabu kuliko wenzake, na wanaocheka na kustarehe wanalipa kwa maisha yao. John Carpenter, aliyeiongoza Halloween ya 1978, amekuwa akikataa kwamba alikusudia kuwaadhibu wasichana hao; ninamwamini kuhusu nia yake, ila nia ya mwongozaji si kitu pekee kinachofika machoni petu.

Ushauri wangu ni kwamba usimwekee rafiki yako kura. Mwombe achague mwenyewe filamu anayoiona kuwa ya kuudhi, muitazame pamoja, asimamishe pale panapomuudhi na aeleze. Atasikilizwa zaidi hivyo kuliko akipewa mamlaka ya kukataza.

Mkesha

Nawashukuru. Bi Utaji, mimi ni dada. Swali moja limebaki: je, hatupaswi angalau kuzipa kipaumbele filamu zinazosimama upande wetu?

Taa ya Nyuma

Dada, hapo ndipo ninapotofautiana na hata wale wanaokubaliana nawe. The Exorcist ya 1973, inayohusu msichana aliyepagawa na pepo, iliandikwa na William Peter Blatty, Mkatoliki aliyeichukulia imani yake kwa uzito, na wapo wanaoisoma kuwa ni hofu ya wahafidhina juu ya vijana walioasi na mama anayelea peke yake. Siyashiriki mawazo hayo, lakini imeninyima usingizi kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa na watu ninaokubaliana nao.

Kisha itazame Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, inayohusu kijana mweusi anayekwenda kuitembelea familia ya kizungu ya mpenzi wake. Ilimpa tuzo ya Oscar ya mswada wa filamu usiotokana na kazi nyingine, na kumfanya mwandishi mweusi wa kwanza kuipata katika kipengele hicho. Waovu wake si wabaguzi wa kutukana hadharani. Ni watu wa heshima, wakarimu. Baba mwenye nyumba anajigamba kwamba angempigia Obama kura kwa muhula wa tatu kama ingewezekana. Filamu hiyo inawaogofya watu kama sisi kwa kutuonyesha sisi wenyewe, na ndiyo sababu kipimo chenu hakitafanya kazi: mtakuwa mnatafuta filamu za kuwasifu, na sifa haimtishi mtu. Mimi ningeipa kipaumbele ile inayonifanya nijitilie shaka, iwe imetoka upande wowote.

Mzee wa Pazia

Nakubaliana naye, isipokuwa kwa jambo moja. Zipo filamu zenye msimamo ulio wazi ambazo hazimsifu mtu. Atlantique ya Mati Diop, iliyopata tuzo ya Grand Prix katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, inahusu vijana wa Dakar waliojenga mnara bila kulipwa mishahara, wakaondoka kwa mashua kuelekea Hispania na kufia baharini. Roho zao zinarudi katika miili ya wasichana wa mtaa wao na kwenda usiku nyumbani kwa mwajiri kudai ujira. Ukiiweka karibu na White Zombie utaona mfanyakazi aliyedhulumiwa katika filamu zote mbili, ila safari hii anayetakiwa kuogopa ni mwenye mali.

Mkesha

Basi nimeamua. Hakutakuwa na kura wala kipimo. Mwenzetu wa kwanza atachagua filamu inayomuudhi, kama alivyoshauri Bi Utaji, na yule wa pili atachagua moja anayodai kuwa haina siasa, nasi tutamsikiliza akiitetea. Kabla ya hapo nitawaonyesha White Zombie na Atlantique katika kikao kimoja. Nianze na ipi?

Mzee wa Pazia

Ile ya 1932. Ni fupi, haifiki dakika 75, na kile kiwanda cha sukari kitakuwa bado kiko vichwani mwao wale wasichana watakapofika nyumbani kwa mwajiri.