Spyderco ya Marekani au ya ng'ambo: kipi kisu cha kuingia nacho baharini?

Mleta mada: Ubishi umezuka baina ya watu wa Malindi na wa Mkokotoni, nauleta hapa. Spyderco ni kampuni ya visu ya Golden, Colorado, Marekani, lakini visu vyake vya kukunja hutoka zaidi nchi nne: hapo hapo Golden, Seki kule Japani, Taichung huko Taiwan, na China. Wapo wasemao cha Marekani ndicho kisu, vyengine ni jina tupu. Wapo wasemao anayelipia bendera katupa pesa. Tuzungumze kwa bahari yetu: chumvi, mchanga, magamba na nailoni.

Fundi wa Darajani: Kwanza tuondoe kosa moja. Worker, kisu cha mwanzo cha kampuni hiyo, 1981, kilitengenezwa Seki. Visu vyao vya Delica na Endura vya 1990, Seki pia. Sasa huyo wa ng'ambo mnayemwita mtoto wa kambo ndiye kifungua mimba. Soma maandishi kwenye ubapa, karibu na mpini. Nchi imeandikwa, na aina ya chuma imeandikwa. La pili ndilo lenye habari.

Mvuvi wa Nungwi: Sawa Fundi, lakini tusifichane. Kisu chao cha Tenacious, cha China, ni chuma cha 8Cr13MoV: kaboni kiasi cha asilimia 0.8, kromu kiasi cha 13. Ukiitazama kromu hiyo utadhani inatosha. Balaa ni kwamba kaboni huikamata kromu zikafanya chembe ngumu, na kromu iliyofungwa humo haikingi kutu tena. Inayobaki huru ni haba, chumvi inatoboa vitundu. Kilaze ndani ya dau usiku mmoja hakijasuuzwa, asubuhi kina madoa ya kahawia. Sasa tazama Native 5 Salt ya Golden (Salt ni visu vyao vya baharini), yenye chuma cha MagnaCut. Kromu ni kidogo zaidi, kiasi cha 10.7, lakini metali za vanadi na niobi zilizomo ndizo zinazoichukua kaboni, kromu ikabaki huru kufanya kazi yake. Makali yanadumu na kutu haishiki. Hiyo kazi imefanyika Marekani.

Fundi wa Darajani: Sheikh, umetetea chuma, hukutetea Marekani. Golden hiyo hiyo imeuza kisu cha Para Military 2 chenye chuma cha S30V miaka na miaka, na S30V kwenye maji ya chumvi huota madoa. Salt za Seki zenye chuma cha H-1 haziyaoti. H-1 karibu haina kaboni, imetiwa nitrojeni, na ugumu wake hutokana zaidi na kubanwa kiwandani kuliko kupikwa motoni.

Mkulima wa mwani, Jambiani: H-1 msiisifu bila kusema kasoro yake. Ya makali yaliyonyooka huchoka upesi, hasa ukikata tai-tai, zile kamba fupi za kufungia mwani, zilizoroa na kushika mchanga. Chukua ya meno. Meno hunasa kamba na kuikata hata yakishapungua ukali. Ila kuyanoa kuna adabu yake. Kinoo cha bapa hakiingii. Tumia fimbo nyembamba ya kauri, ya pembe tatu, uingize kila bonde upande ule uliochongwa tu, mara tano au sita. Kisha geuza upande wa pili, laza fimbo kabisa kwenye ubapa, pitisha mara moja kuondoa unyuzi wa chuma uliojikunja. Ukinoa meno pande zote mbili, bamvua tatu hazipiti yamelingana kama fizi.

Mpemba wa Wete: Mnaongea kama kisu hakizami. Tenacious haifiki nusu ya bei ya hicho cha MagnaCut, na kikiponyoka mkononi penye pima kumi vyote viwili vimekwenda. Halafu kunoa: vanadi hufanya chembe ngumu kuliko changarawe ya vinoo vyetu. MagnaCut au S30V ukiipeleka kwenye kinoo cha nyumbani inateleza tu, unang'arisha chuma. Yataka bamba la almasi. 8Cr13MoV unainoa kwa kitako cha kikombe cha udongo: pembe ya nyuzi 20 kila upande, mapigo kumi kumi, kwisha. Kutu je? Suuza kwa maji ya bomba kikiwa wazi, panguza, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo. Tone moja, si kukitia mchuzi, mafuta yakizidi hukamata mchanga.

Mvuvi wa Nungwi: Hilo la kusuuza unalifanya nje tu. Tenacious ina mabamba ya chuma ndani ya mpini, na maji hukaa nyuma yake. Kutu huanzia pale usipopaona, skrubu zinaganda, na ukizilazimisha vichwa vinalika. Pacific Salt haina mabamba hayo, mpini wake ni plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo.

Fundi wa Darajani: Kweli, na hilo pia ni Seki! Halafu wapenda Marekani wajihadhari: Para Military 2 huigwa sana, na mwigaji haandiki China, anaandika Golden. Ukiuziwa kwa bei ya Tenacious, maandishi ya ubapani hayana maana yoyote.

Mkulima wa mwani, Jambiani: Na komeo? Pacific Salt na Native zina komeo la mgongoni. Gamba moja la samaki likikwama kwenye pengo lake, kisu kinaonekana kimefunguka kumbe komeo halijazama, ukikandamiza kinakufungia vidole. Kabla ya kazi bonyeza mgongo wa ubapa juu ya ubao. Ukicheza, futua uchafu kwa chelewa, usitumie msumari.

Mpemba wa Wete: Chelewa, bibie, tunazo Pemba nzima. Bamba la almasi ndilo mniletee.