Nina miaka 17 nataka jeshi, nikikimbia kidogo tu pumzi inakata na miguu inauma. Nianzeje?

Mwana_Kihesa

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi. Mi ni kijana wa kiume niko Iringa, Kihesa, nimemaliza form four mwezi wa 11 sa hivi niko tu home nasubiri matokeo na namsaidia mama gengeni. Mwezi wa tano ndo natimiza 18. Ndoto yangu toka mdogo ni jeshi, na sio kwamba nimekosa cha kufanya, hapana. Babu yangu alikuaga mwanajeshi, alienda vita ya Kagera 1978, na mpaka anafariki alikua anaamka saa kumi na moja alfajiri anatandika kitanda mwenyewe, shuka limenyooka mpaka unaogopa kulikalia. Mi nilikua namwangalia vile nasema na mimi ntakua hivi.

Sasa shida ni mwili. Nina kilo 52, urefu sm 168, shuleni sikua mtu wa michezo kabisa. Wiki mbili zilizopita nikasema naanza, nikashuka mpaka Ipogoro ili nipandishe ule mlima mbio hadi mjini. Aisee robo yenyewe sikufika, nikajikuta nimeinama pembeni ya lami nimeshika magoti natema mate tu huku malori yanapita. Kesho yake nikarudi, keshokutwa tena, nikijua huo ndo ujasiri. Sasa hivi mguu wa kulia hapa mbele kwenye muundi unauma hadi nikishuka ngazi nasikia. Pushapu napiga 9, ya kumi nalala.

Naombeni mniambie nianzeje, na nile nini maana hapa home ni ugali maharage na mboga za majani, nyama ni sikukuu. Kuna rafiki yangu ananiambia ninunue poda ya kuongeza mwili, nimeshaanza kuweka hela. Na raba nilizonazo ni zile za shule soli imeisha. Niko siriazi jamani.

Fundi_wa_Chenja

Mdogo wangu marahaba. Nilijitolea JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) miaka miwili kwahiyo hapa naongea nilichokiona.

Kitu cha kwanza ambacho hamna mtu alinambia kabla sijaenda: kule hamkimbii kimya kimya. Mchakamchaka wa alfajiri mnakimbia kombania nzima, yaani kundi lenu lote, mmejipanga mistari, mmoja anaanzisha chenja, zile nyimbo za jeshi, nyie wote mnaitikia, giza bado, unasikia tu vishindo vya raba na sauti. Mi nilienda najiona nina mbio maana mtaani nilikua nawaacha wote, siku ya pili tu pumzi ikanitoka, sio kwamba spidi ilikua kubwa, spidi ilikua ndogo kabisa, ila nilikua sijawahi kukimbia huku naimba. Kuna dogo pembeni yangu mwembamba kama wewe, wa Makete, alikua anaitikia mpaka mwisho kama yuko kwaya. Nikamuuliza akasema kwao anakimbiaga nyuma ya ng'ombe anawapigia kelele njia nzima.

Kwahiyo kipimo chako kiwe wimbo, sio saa wala mlima. Chagua wimbo wowote unaoujua, wa kanisani, wa shule, wowote, ukimbie spidi ambayo unaweza kuimba ubeti mzima bila kukatika. Ukikatika katikati ya mstari maana yake uko kasi mno, punguza. Mwanzoni itakua kama unatembea na watu watakupita, waache wapite. Anza na kutembea haraka dakika 5, halafu kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara nane basi rudi nyumbani, siku tatu kwa wiki, isiwe kila siku. Ukiona nyepesi kimbia 2 tembea 2, endelea hivo kidogo kidogo mpaka dakika 30 unakimbia bila kusimama. Itachukua miezi, na miezi unayo.

Hata wale wakimbiaji wakubwa mazoezi yao mengi ni mbio za taratibu, za kasi ni chache. Simbu ambae ni mwanajeshi wa JWTZ na ndo alichukua ubingwa wa dunia wa marathon kule Tokyo Septemba 2025, usifikiri kila asubuhi anatoka kama anakimbizwa.

Ule mlima wa Ipogoro uache kwanza. Ila huo mguu usikimbie nao, subiri wanaojua waseme.

Mtaalamu_wa_Viungo

Nafanya kazi ya fiziotherapia hospitali moja ya wilaya, vijana wa aina yako nawaona sana hasa kipindi nafasi zikitangazwa.

Fanya hivi leo. Kaa chini, kunja goti, pitisha kidole gumba pole pole kwenye ukingo wa ndani wa muundi kuanzia karibu na kifundo kupanda juu. Kama maumivu yametawanyika, yaani eneo refu la kama kiganja linauma uma, hapo mara nyingi ni msuli na ile ngozi inayofunika mfupa vimekasirika kwa kushtukizwa. Ila kama kuna sehemu MOJA ndogo, ukiibonyeza unaruka, au inauma hata ukiwa umelala usiku, au ukirukaruka kwa mguu mmoja huwezi, hiyo inaweza ikawa ufa kwenye mfupa, nenda hospitali upigwe picha na useme ulianza mbio ghafla. Hilo usilifanyie ujasiri mdogo wangu. Nimeona kijana alikimbia juu ya ufa wiki tatu, mfupa ukavunjika kabisa, nafasi zikatoka yeye yuko na magongo.

Sababu yake ni kwamba moyo na mapafu vinazoea haraka, mifupa inachelewa. Baada ya wiki chache unajisikia una pumzi kumbe muundi bado haujajijenga, hapo ndo wengi wanaumia. Kwahiyo hata kama ni ile ya kutawanyika pumzisha mbio mpaka uweze kutembea haraka nusu saa na kushuka ngazi bila kusikia kitu. Kwa sasa tembea tambarare, au kama kuna baiskeli endesha. Na kila siku simama kwenye ngazi kwa vidole, visigino vikiwa hewani, panda juu shuka polepole mara 15, pumzika, rudia mara tatu. Kama yenyewe inauma acha kwanza.

Ukirudi kukimbia kimbilia njia ya vumbi, lami iache. Raba za mtumba zinatosha kabisa, usinunue kwa kuangalia jina. Ishike mbele na nyuma uikunje, ikikunjika pale vidole vinapokunjia ni nzuri, ikikunjika katikati kama chapati iache. Geuza uangalie soli, kama kisigino kimeliwa upande mmoja huyo mwenyewe wa kwanza kashaimaliza. Na ujaribu jioni, miguu asubuhi inakua midogo.

Mama_Kadeti

Mi nilipita mujibu wa sheria, ile JKT ya lazima baada ya form six, miezi mitatu, na wanachoongelea wote ni mbio tu. Mdogo wangu, kilichoangusha watu kwenye kombania yetu ni KUSIMAMA. Kwata (gwaride) juani, umesimama wima, huruhusiwi kujikuna, jasho linaingia jichoni. Siku ya kwanza walianguka wanne, na mmoja alikua baunsa kabisa ana kifua hiki. Shida wanakaza magoti mpaka nyuma na asubuhi hawajanywa maji. Ukisimama legeza magoti kidogo sana asione mtu, vidole vya miguu vichezeshe ndani ya kiatu ili damu irudi juu. Anza hata nyumbani, dakika 10 umesimama wima, ongeza.

Na fatiki jamani, yaani kazi za mikono. Jembe, kuni, ndoo za maji. Wewe hapo gengeni una gym ya bure, beba hayo magunia ya viazi na ndoo za mama, mgongo umenyooka unanyanyua kwa miguu. Pushapu kama ya kumi unalala anza na mikono juu ya benchi au ukingo wa kitanda, piga 6 asubuhi, 6 mchana, 6 jioni, usisubiri zikushinde. Kila baada ya siku chache ongeza moja, kisha shuka chini.

Hela ya poda TAFADHALI usimpe mtu. Hujui ndani kuna nini, na miaka 17 mwili wako bado unakua wenyewe. Hiyo hela nunua trei ya mayai na karanga, dagaa weka kwenye hayo maharage. Uko Iringa, maparachichi yanayolainika gengeni ambayo mama hauzi ndo mafuta yako hayo, kula na ugali. Uji asubuhi weka karanga za kusaga. Kula mara nne kwa siku usisubiri njaa, halafu lala masaa nane, mwili unajengeka ukiwa umelala. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukianza msimu huko, achana nao. Na nenda ukapime minyoo na wingi wa damu, mtu mwenye upungufu wa damu hata umfundishe vipi pumzi haitoshi.

Mabinti mnaosoma hii, yote hayo ni yenu pia, anzeni mapema, sidiria ya michezo inayobana vizuri ni muhimu kama raba, na damu yenu mkaipime hata kama mnajisikia wazima.

Kijana_wa_Makaratasi

Mazoezi mmesema, mi naongezea kitu kimoja kinaniuma sana. Cheti cha kuzaliwa unacho? Angalia leo jina la kwenye cheti na la kwenye vyeti vya shule vinafanana herufi kwa herufi, kama hapana anza kurekebisha sasa hivi, usisubiri tangazo. Ukitimiza 18 nenda NIDA ukajiandikishe kitambulisho cha taifa wiki hiyo hiyo.

Na atakuja mtu. Lazima atakuja, atasema anamjua mkubwa fulani, atataka laki kadhaa akuweke kwenye listi. Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya mtoto wake, yule jamaa simu ikazimwa mpaka leo. Usitoe hata mia. Na ujue kabisa JKT wenyewe kwenye matangazo yao wanasema kujitolea sio ajira, ni mafunzo ya kukuwezesha ujiajiri, wengine wanachukuliwa jeshini na vyombo vingine, wengine wanarudi nyumbani. Mwambie mama yako hilo mapema asije akakopa.

Mwana_Kihesa

Wakuu nimerudi, ni wiki ya saba. Mguu ulikua ile ya kutawanyika, nilikaa wiki tatu bila mbio natembea tu na kupanda kile kingazi cha nyumba ya jirani. Nilipima, damu iko sawa ila minyoo nilikua nayo, nikapewa dawa, na kweli toka hapo chakula nakiona. Niko kilo 54. Poda sijanunua, nilipata raba ya mtumba ya kijani nimeikunja mbele ya muuzaji mpaka akauliza kama mi ni fundi viatu.

Kaka wa chenja, naimba tenzi. Wiki ya kwanza ya kurudi nilikua nakatika mstari wa pili, jana nimekimbia dakika 4 tembea 1 mara tano kwenye ile njia ya vumbi na ubeti wote umetoka. Mama alikua anashangaa naimba nini alfajiri na baridi hii, sasa hivi akisikia naanza anaitikia akiwa jikoni anapika maandazi.

Cheti kina jina la babu vibaya, wameandika herufi moja tofauti, tumeshaanza kulishughulikia. Pushapu 17 chini kabisa sio kwenye benchi.

Dada, kusimama nimefika dakika 25 ila mikono pembeni inakua mizito na vidole vinavimba, hiyo ni kawaida?

Mama_Kadeti

Kawaida kabisa, damu inashuka. Kunja ngumi halafu kaza na kulegeza bila mkono kusogea, inaisha. Hongera sana mdogo wangu, na mama msalimie.