Nimeambiwa niorodheshe waliowasha mishumaa. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kandambili: Wakuu, mimi ni kiongozi wa darasa mwaka wa pili, chuo sikitaji. Tangu waasi wa M23 waingie Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 27 Januari 2025, wenzetu wanne wa kutoka Kivu wanashinda na simu mkononi, nyumbani hakupatikani. Juzi jioni tukakaa nao nje ya maktaba, watu kama thelathini, na mishumaa. Hakuna bango, hakuna wimbo. Mlinzi akapiga picha. Asubuhi naitwa ofisini: "Hawa unawajua, andika." Karatasi imeshapigwa namba, 1 hadi 40. Namba moja nimejiandika mwenyewe. Kuanzia namba mbili mkono umegoma. Wale wanne wako hapa kwa vibali.

Babu Msewe: Usiwataje. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar waliandamana hadi Ikulu kupinga JKT ya lazima, karibu 400 wakatimuliwa. Walionewa? Mimi nasema hapana sana. Walikwenda wenyewe, sura wazi, na Mwalimu naye akajikata mshahara asilimia 20. Lakini Julai 1971 rais wa wanafunzi, Akivaga, alibebwa na polisi wa FFU na kurudishwa kwao Kenya. Mgeni adhabu yake haiishii kwenye masomo, kijana wangu.

Mtu wa Sheria: Mzee wangu, shikamoo, ila utaratibu upo. Mkusanyiko unaombewa ruhusa. Na mishumaa jirani na maktaba? Hata mimi ningepiga picha.

Kandambili: Ilikuwa kwenye sahani za bati mkuu, na sakafu tulifuta.

Dada K: Ruhusa ni sawa, Mtu wa Sheria, awajibishwe aliyeandaa. Kumgeuza mwanafunzi mpelelezi wa wenzake ni jambo jingine. Na haraka haisaidii hata chuo chenyewe. Columbia, Marekani, Aprili 2024: mahema ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza yana siku moja tu, rais wa chuo kaita polisi, zaidi ya 100 wakakamatwa. Mahema yakaota upya uwanja wa pembeni, mwisho wa mwezi wanafunzi wakaliteka jengo la Hamilton. Agosti rais akajiuzulu. Kandambili, andika barua: "Niliandaa mimi." Kama kweli uliandaa.

Kandambili: Kusema kweli, wazo lilikuwa la mmoja wa wale wanne. Mishumaa nilinunua mimi, dukani kwa mangi. Karatasi nimeirudisha ina jina moja. Ameitazama, akaigeuza nyuma kuona kama kuna mengine, akaniambia nikasubiri nje. Niko kwenye benchi saa ya pili sasa, chaji asilimia 11.